Abiria Wanamtazama Mama Supu

Tarehe 4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za shangazi yako. Sisi ni wazima, ukiacha mguu wangu wa kushoto, ambao umeshazoea kuuma na mimi nimeshauzoea, na ukiacha huyo wifi yangu, ambaye tangu Ijumaa hanisemeshi kwa sababu nilisema supu yake ina chumvi. Ilikuwa na chumvi. Mkwe wangu hajambo? Bado anakula kwa haraka? Mwambie hakuna anayemnyang'anya sahani.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Mimi nikianza jambo, wewe umeshalimaliza na umeshaniaga. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho. Ataibeba Kapteni, rubani wa ndege ya asubuhi. Ataiacha kwenye dirisha la tiketi huko kwenu, mkwe wangu aipitie akitoka kazini.

Basi, mgahawa tumeufungua, hii ni wiki ya tatu. Tumepewa kile chumba cha pembeni pale uwanja wa ndege, kilichokuwa cha kuwekea mizigo isiyo na mwenyewe. Tulikuta mwavuli mmoja na viatu vya mguu wa kulia vitatu. Tumepiga rangi, tumeweka meza nne na viti kumi na vitano. Cha kumi na sita ni cha Meneja wa uwanja, hataki mtu akikalie hata yeye mwenyewe akiwa hayupo. Dirisha ni kubwa, linaangalia njia ya kurukia ndege. Mimi ningependa liangalie upande mwingine, lakini ukuta ni wa watu.

Abiria wananiita Mama Supu. Jina langu hawalijui na hawajaliuliza.

Kuna jambo moja lilinisumbua, nikuambie. Ndege ni ndogo, ina viti kumi na viwili, kwa hiyo kila abiria anapimwa kwenye mizani pamoja na begi lake, kama gunia. Wakishapimwa wanakuja kwangu kula. Nikawaza: huyu baba amepimwa kilo themanini, mimi nimemwongezea bakuli la supu na viazi vinne, na Kapteni huko kwenye hesabu zake hana habari. Nikaanza kupunguza viazi kimya kimya. Wiki nzima. Wateja wakanung'unika, shangazi yako akanishtaki kwa Meneja. Meneja alicheka mpaka akakaa kwenye kiti chake, akasema viazi vyangu vyote, pamoja na mimi niliyevipika, haviwezi kuiangusha ndege. Nikamwambia hilo neno asilitamke tena ndani ya mgahawa wangu.

Viazi nimevirudisha, lakini nachagua vidogo.

Ni mimi mama yako, ambaye hajakaa chini tangu alfajiri.


Tarehe 19 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi na mkweo hatujambo. Barua yako tumeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na mkweo amecheka viatu vya kulia mpaka akapaliwa, maana alikuwa anakula.

Nina habari, na nimeisubiri mpaka nikawa na uhakika nayo. Mwezi wa saba utakuwa bibi.

Sasa kaa chini, najua umesimama. Nataka uje mwezi wa sita, uwe hapa kabla mtoto hajafika. Mkweo atalipia tiketi. Basi linachukua siku mbili na mguu wako utavimba kama safari ile. Ndege ni dakika hamsini, na unafanya kazi hatua ishirini kutoka inapopakia. Sema tarehe tu.

Mwanao, ambaye asubuhi haziwezi harufu za vyakula. Ungeniona ungesikitika: binti wa Mama Supu anakimbia supu.


Tarehe 11 Machi

Mwanangu, mama wa mjukuu wangu,

Salamu. Barua yako ilichelewa kwa sababu Kapteni aliisahau kwenye koti, akabadilisha koti, na lile koti likaenda kufuliwa na mkewe, ambaye namshukuru kwa kupekua mifuko kwanza. Ningemjua ningempelekea kuku. Yangu nayo imechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nalia. Furaha tu, usiwe na wasiwasi. Shangazi yako amenisemesha siku hiyo hiyo, akasema mtoto atafanana na upande wao. Nikamwachia. Siku ya furaha siwezi kubishana na mtu kuhusu pua.

Nitakuja bila shaka. Nitakuja na basi. Nataka kukuletea sufuria yangu kubwa na blanketi na vitu vingine vizito, na ile mizani ya uwanjani itakataa. Basi halina mizani. Siku mbili si nyingi, nitasinzia.

Sasa nikueleze kazi. Kapteni anakula kwangu kila asubuhi kabla ya kuondoka. Ni mtu mpole, ana mvi kidogo, anatafuna taratibu. Mimi namwangalia. Mtu anayekwenda kubeba roho za watu kumi na wawili lazima aangaliwe. Namuuliza amelala saa ngapi. Naangalia macho kama ni mekundu. Akiacha yai namuuliza kulikoni. Jumanne alitia sukari vijiko vitatu kwenye chai, akakoroga, akatia tena vitatu, anatazama ukuta. Nikamuuliza kama wamegombana nyumbani. Akasema kidogo. Basi kofia yake ilikuwa juu ya kiti, nikaikalia. Alipoitafuta nikamletea supu nyingine anywe akitulia. Ndege ilichelewa dakika kumi na tano, lakini alipoondoka alikuwa amekunjua uso.

Meneja alikuja kuuliza nani alichelewesha ndege. Nikasema ugomvi wa nyumbani. Akaandika hivyo hivyo kwenye daftari lake.

Kula hata kama hutaki. Mkate mkavu asubuhi, kabla hujainuka kitandani.

Mama yako, na sasa bibi wa mtu.


Tarehe 30 Machi

Shikamoo Mama,

Mkate mkavu umesaidia. Nakushukuru.

Bila shaka umesikia kwamba daraja la barabara ya mabasi limechukuliwa na mvua. Mkweo aliuliza kwenye kampuni ya mabasi, wakasema halitapitika kabla ya mwezi wa tisa. Sufuria tunazo hapa. Blanketi pia.

Kwa hiyo, Mama, tarehe ngapi? Nijibu hilo tu, kisha unieleze habari za Kapteni kwa urefu unaotaka.

Mwanao.


Tarehe 22 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu za upendo. Sisi wazima. Shangazi yako amepata miwani mipya na sasa anaona uchafu ambao haukuwepo.

Tangu daraja liondoke, watu wote wanapita kwetu. Ndege zimekuwa tatu kwa siku na viti kumi na vitano havitoshi. Watu wanakula wamesimama, wengine wamekalia mabegi, na Jumamosi mzee mmoja alikalia kiti cha Meneja, nikafunga macho. Kwa hiyo unaona mwenyewe kwamba kwa sasa mgahawa hauwezi kuachwa. Shangazi yako peke yake atawalisha watu chumvi tupu.

Lakini kuna jambo limetokea, na nakueleza wewe tu. Wengi wa abiria hawa ni watu wa mabasi, hawajawahi kupanda ndege. Wanaingia kwangu wakiwa wameshika tiketi kwa mikono miwili. Wanaona Kapteni anakula, wanaona mimi namkagua, na wameanza kunitazama mimi. Nikitabasamu, wanaenda kupanga mstari. Nikikunja uso kwa sababu ya moshi, wanaagiza chai nyingine na kusubiri. Mama mmoja aliniuliza wazi, kwa sauti ya chini, "Leo yukoje?" Nikamwambia amekula mayai mawili na amemaliza mkate. Akaenda zake kwa amani.

Alhamisi iliyopita, Kapteni yuko mezani, abiria wamejaa, shangazi yako akaninong'oneza kwamba gesi imeisha na wali uko nusu. Nusu, mwanangu, si mbichi si mbivu, sufuria nzima. Nikaweka mikono usoni nikatikisa kichwa. Ni hivyo tu nilivyofanya. Nilipoondoa mikono, watu sita walikuwa wameshabeba mabegi yao wanakwenda nje, na mmoja anamwambia mwenzake ni afadhali wasubiri daraja.

Ndege iliondoka na watu sita. Meneja alikuja, hakucheka. Akasema yeye ana mnara, ana redio, ana fundi aliyesomea, na abiria wake wanaongozwa na uso wa mpishi. Likitokea tena, chumba kinarudi kuwa cha mizigo. Kapteni alinitetea, lakini mdomo wake ulikuwa na chakula changu, kwa hiyo utetezi haukuwa na nguvu.

Sasa nafanya kazi nikitabasamu. Hata nikikata vitunguu. Watu wapya wanafikiri nina furaha ya ajabu.

Habari ya tarehe tutazungumza.

Na wewe, barua yako ilikuwa fupi. Tena herufi zako, ambazo mwalimu alizisifu kwa kusimama wima, safari hii zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Umeandika ukiwa umekaa au umelala? Nijibu hilo tu.

Mama yako.


Tarehe 6 Mei

Shikamoo Mama,

Nimeandika nimelala. Na hii pia.

Sikutaka kukwambia kwa sababu ungeacha kulala na ungeanza kumsumbua Kapteni wa watu. Presha yangu ilipanda mwezi wa tatu. Daktari amenilaza nyumbani, kitandani, niinuke kwa kwenda msalani tu. Hatasubiri mwezi wa saba. Nitapasuliwa tarehe 12 Juni. Ananiambia ni jambo la kawaida, wanafanya kila siku, nisiwe na wasiwasi. Anasema vizuri. Ni mtu anayejiamini. Nikimsikiliza natulia, akitoka naanza kuhesabu mbao za dari. Ziko ishirini na sita.

Nimecheka sana kuhusu wali, mpaka mkweo akaninyang'anya barua. Ni barua zako zinazonipitishia siku.

Sikuombi tena tarehe, Mama. Nakwambia jambo jingine tu. Naogopa. Na ninapoogopa namtaka mama yangu, ingawa nina miaka thelathini na moja.

Mwanao.


Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Barua yako niliipata jana asubuhi na naandika leo. Kapteni alikuwa na ndege nyingine mchana, angeweza kuibeba jana hiyo hiyo, lakini kulikuwa na mambo, na nitakueleza mambo hayo bila kupunguza.

Na mimi naogopa. Nadhani umeshajua. Mimi sijawahi kupanda hicho kitu, na tangu nianze kufanya kazi hapa ndiyo sitaki kabisa. Kila ikiondoka nasimama dirishani mpaka iwe nukta, kisha narudi kwenye sufuria, na sikai chini mpaka nisikie imefika. Shangazi yako anafikiri naangalia hali ya hewa. Daraja lilipoondoka nililia, na si kwa ajili ya daraja.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilivua aproni, nikaenda moja kwa moja kwenye ndege, imesimama, haina mtu, Kapteni anaizunguka akigusagusa magurudumu. Nikamwambia nataka kukaa ndani tu, nizoee. Akanishika mkono nikapanda. Akanikalisha, akanifunga mkanda mwenyewe. Ndani ni padogo, mwanangu, jikoni kwangu ni pakubwa kuliko pale. Nilikaa. Nilihesabu mpaka arobaini. Halafu nikaona bawa kupitia kidirisha, na lile bawa lilikuwa linatikisika, ndege imesimama. Kapteni anasema ni upepo. Mimi sikusubiri maelezo. Sijui mkanda niliufunguaje. Niliteremka zile ngazi nimeshika kifua, kiatu kimoja kimebaki juu, nikakimbia, na huu mguu wangu, mpaka ukutani.

Na abiria wote walikuwa wamesimama dirishani pangu wakiangalia.

Hakupanda hata mmoja. Hata mkaguzi wa mahesabu ambaye anasafiri kila wiki alikumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Kapteni aliondoka na magunia ya barua na trei mbili za mayai.

Meneja alinikuta nimekaa kwenye kiti chake. Sikuwa na nguvu ya kutafuta kingine. Akachukua kiti cha abiria akakaa mbele yangu. Akaniuliza kama ni kweli kuna kitu nimekiona kwenye ndege. Nikamwambia nimeona bawa. Nikamwonyesha barua yako. Akaisoma, akasoma tena.

Akasema taratibu, "Mama Supu, mimi kesho sina abiria. Keshokutwa sina. Hawa watu hawatapanda mpaka wakuone wewe umepanda na umekaa."

Nikamuuliza kama ni amri.

Akasema, "Ningekuwa na ubavu wa kukuamuru, ungekuwa umeshatoka kwenye kiti changu."

Basi. Wewe umesema huniombi tarehe tena. Mimi nakupa. Tarehe 10 Juni, ndege ya asubuhi. Ningekuja kesho, lakini nimemwomba Meneja anipe siku za kujizoeza, akasema kila siku niende nikae ndani muda kidogo, abiria wakiniona, na nishuke kwa kutembea. Leo nimekaa mpaka mia mbili. Nilishuka kwa kutembea. Wamepanda watano.

Usihesabu mbao peke yako. Hesabu siku. Mimi nazihesabu huku.

Mama yako.


Tarehe 2 Juni

Shikamoo Mama,

Zimebaki nane. Mkweo amefua mapazia yote kwa ajili yako na yamerudi yakiwa mafupi. Tafadhali ukifika usiseme kitu.

Kama siku ile utashindwa kupanda, sitakasirika. Nataka ulijue hilo kabla hujatoka nyumbani.

Mwanao, kitandani, lakini leo nimeandika nimekaa kidogo. Angalia herufi.


Tarehe 10 Juni, asubuhi, ndani ya ndege

Mwanangu,

Herufi nimeziona. Zangu usiziangalie, zinaruka kwa sababu ninaandikia gotini na sisi wenyewe tunaruka.

Nipo juu. Sijui nikuelezeje. Chini kuna mabati madogo madogo na barabara kama uzi, na mimi sitazami tena.

Asubuhi shangazi yako alinifungia sanduku, akanibusu, akasema supu ataionja mara mbili kabla ya kutia chumvi, na hapo ndipo nilipojua naye anaogopa. Nilipimwa kwenye mizani. Kilo zangu nitakutajia ana kwa ana. Meneja alibeba begi langu mwenyewe mpaka kwenye ngazi, na Kapteni nilikuwa nimeshamlisha mayai matatu, akanionyesha sahani tupu bila kuombwa.

Ndege imejaa, viti vyote. Nimekaa mstari wa mbele, na ndipo nilipokosea, mwanangu. Nilifikiri nikikaa mbele nitafumba macho nilie polepole mpaka tufike, nimeandaa na leso. Nikageuka kuangalia nyuma mara moja tu, nikakuta watu kumi na mmoja wananitazama usoni. Kijana wa mwisho ana tiketi yake mdomoni. Kuna mama ana mtoto mchanga mapajani na amenikazia macho kama mimi ndiye ninayeshika usukani. Ikabidi nitabasamu. Wakaegemea viti vyao, wote kwa pamoja.

Tangu hapo sijapumzika. Ndege ikiyumba wanatazama kwangu kwanza, kabla ya dirisha. Ilipoingia mawinguni ikatetemeka kama kifuniko cha sufuria, na mimi niko na meno nje nawaitikia kwa kichwa kama niliyelitarajia. Nikasema kwa sauti kwamba hapa ndipo panapoyumba siku zote. Mimi, ambaye hapa sijawahi kufika. Wakaambiana kwa furaha, hapa ndipo panapoyumba. Na unajua, nilipowasikia wakiambiana, na mimi nikaamini kidogo.

Kwa hiyo naandika. Wakiniona naandika wanafikiri nafanya mahesabu ya mgahawa. Hawajui nakwambia wewe kwamba naogopa kuliko wao wote.

Keshokutwa nitakaa nje ya chumba cha daktari na sitamwuliza amelala saa ngapi. Nitajitahidi. Yai nimemwekea moja kwenye begi, la kuchemsha, mkwe wangu ampe kama zawadi tu.

Kapteni amegeuka kunionyesha vidole vitano. Dakika tano. Masikio yanaziba. Naona nyumba zimekuwa kubwa, naona uwanja, naona watu wamesimama kwenye uzio, na mmoja kimo chake kama cha mkwe wangu.

Barua hii nitakukabidhi mkononi, uisome baadaye. Nikiingia chumbani kwako nikaanza kulia, usiogope na usimwite mkwe wangu. Si jambo baya. Nimetabasamu dakika hamsini nzima kwa ajili ya watu nisiowajua hata majina, mashavu yananiuma, na wewe ndiye mtu wa kwanza leo ambaye mbele yake naruhusiwa kukunja uso.

Mama yako.